Malkia Ki na ikulu ya Wamongolia: maswali yenu

Tangu ile sizoni ya Kikorea ya Malkia Ki ianze kuzunguka kwenye mafleshi, inboksi haipumui. Haya.

Wang Yu, yule mfalme Mkorea aliyempenda Ki kwenye sizoni, alikuwepo kweli? Nimelia sana.
Hakuwepo, katungwa. Futa machozi.

Mume wa Ki, Toghon Temür, mfalme wa Wamongolia waliotawala China, ndo Genghis Khan mwenyewe?
Jamani, si nilishajibu hili! Genghis kafa 1227, huyu kakalia kiti 1333. Piga hesabu.

Ilikuwaje mtumishi tena mgeni akawa malkia? Walipendana kweli?
Kwanza jueni alifikaje. Goryeo, Korea ya enzi hizo, ilikuwa inalazimishwa kuwapelekea Wamongolia mabinti kama kodi, mpaka wazazi wengine wakawa wanaozesha watoto wadogo ili wasibebwe, na hiyo ndo sehemu mnayoirukaga mnaenda kwenye kiss. Ki akapenyezwa ikulu Dadu, Beijing ya leo, na towashi Mkorea mwenzake, akapangiwa kumpelekea mfalme chai. Mfalme mwenyewe kijana tu, na alishawahi kutupwa uhamishoni kwenye kisiwa hukohuko Goryeo. Wakaelewana.

Shida mke mkubwa, Danashiri, binti wa El Temür aliyekuwa anaweka wafalme na kuwatoa. Alikuwa anamchapa Ki viboko. 1335 kaka zake Danashiri wakadaiwa kupanga mapinduzi, mmoja akakimbilia chini ya kiti cha dada yake, dada akamfunika na nguo zake, askari wakamburuta wakamuua palepale damu ikamrukia malkia. Akamlilia mumewe amwokoe, mume akamjibu kaka zako wameasi nitakuokoaje, na muda si mrefu na yeye akauawa.

Mnadhani Ki akapanda hapohapo? Wapi! Waziri Bayan akagoma kwa sababu umalkia ulizoeleka kwenda kwa mabinti wa Khongirad, ukoo wa Börte mke wa Genghis, kwa hiyo 1337 akawekwa binti wao, Bayan Khutugh. Mpaka 1340 waziri alipopinduliwa na Toqto'a, mtoto wa ndugu yake mwenyewe, ndo Ki akawa malkia wa pili. Kwa hiyo ndiyo, walipendana, ila mapenzi yalisubiri watu wafe na wengine wang'olewe.

Bayan Khutugh aliwekewa sumu na Ki?
Alifariki 1365, Ki akapanda kuwa mkubwa. Hayo ya sumu msinitumie tena.

Si alikuwa mkombozi wa Wakorea?
Mnaomweka status kama role model, taratibu. Njaa ya 1358 aliagiza watu wa mji mkuu wapikiwe uji, hilo nampa. Lakini kaka yake Ki Cheol alijifanya mungu mtu kule Goryeo kwa jina la dada, mpaka Mfalme Gongmin akamuua 1356, na Ki akaja kutuma jeshi kumng'oa Gongmin, nchi yake mwenyewe jamani, likachapwa. Huku Dadu anamsukuma mume aachie kiti kwa mtoto wao Ayushiridara wakati waasi wanazidi kila kona. Ikulu ikila ndugu zake huwa hivyo, na hata leo tunaziona.

Mwisho wao?
1368 jeshi la Ming, watawala wapya wa Kichina, likaingia Dadu, wao wameshakimbilia kaskazini. Mume kafia mji wa Yingchang 1370, mtoto akarithi ufalme wa nyikani.

Naomba linki ya sizoni.
Sina. Nenda vibanda vya muvi.