Jibu: Physics 2 au Physics C darasa la 12?

Dada, umesema binti yako anaingia darasa la 12 huko Marekani, AP Physics 1 ameshamaliza (AP ni kozi za kiwango cha chuo zinazosomwa sekondari), na ndoto yake ni uhandisi; unauliza sasa achukue AP Physics 2 au AP Physics C. Basi anza na hesabu. Physics C inatumia kalkulasi (calculus, tawi la hesabu linaloshughulikia mabadiliko), kwa hiyo awe ameshaisoma au aisome mwaka huohuo. Akiwa nayo, mimi ningempeleka C bila kusita, aanze na mekanika: nguvu na mwendo anavijua tayari, kigeni ni hesabu tu. Umeme na sumaku, kozi nyingine ya C, ndiyo sehemu inayotoa watu jasho! Physics 2 haina kalkulasi. Ina joto, mwanga na atomu, na inamfaa zaidi anayeelekea udaktari. Halafu mwulizie chuo anachokitaka: vingine havihesabu mtihani wa AP kama alama iko chini ya 5, ambayo ndiyo ya juu kabisa.