Insouciant ni mtu wa namna gani?

Swali la wiki: neno *insouciant*, ambalo Waingereza wamelichukua kwa Wafaransa, lina maana gani na asili yake ni ipi?

Kwa Kiswahili cha kila siku ni yule tunayesema "hana habari". Kodi ya nyumba inadaiwa kesho, yeye anapiga mluzi. Hajagoma kulipa, wazo lenyewe la kodi halijamkaa kichwani. Hapo ndipo anapoachana na *nonchalant*, neno jingine la Kifaransa ambalo wengi hulichanganya na hili. *Nonchalant* anaweza kujua fika kinachoendelea, ila haonyeshi. Anayepiga penalti ya mwisho kama yuko mazoezini ni *nonchalant*. Ukimwita *insouciant*, umesema hajali hata kama ni fainali.

Tulikate vipande. *In-* ni ya kukanusha, na *souciant* imetoka kwenye kitenzi *soucier*, kumtia mtu wasiwasi. Mzizi wake ni Kilatini *sollicitare*, kusumbua, chenye *sollus*, "zima", na *citus*, "iliyosukumwa". Mwenye *souci*, yaani wasiwasi, basi, ni mtu aliyetikiswa mzima mzima. Msishangae ile *l* imekwenda wapi: katika Kifaransa, *l* ya Kilatini iliyojikuta mbele ya konsonanti iligeuka *u*, ndiyo maana *alter*, "mwingine", likawa *autre*. *Sollicitare* hiyohiyo ndiyo iliyowapa Waingereza *solicitor*, wakili, mtu anayelipwa kubeba wasiwasi wa wenzake. Lakini ua liitwalo *souci* lisiwapoteze: hilo limetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya "lifuatalo jua", yamefanana tahajia tu.

Kosa la kawaida ni kung'oa *in-* na kumwita mwenye wasiwasi *souciant*. Mfaransa husema *soucieux*. Kosa la pili ni kudhani neno hili ni sifa siku zote. Ujana *insouciant* husemwa kwa upendo. Dereva *insouciant* amelaumiwa. Kuhusu matamshi, Mfaransa haitamki *t* ya mwisho mpaka neno liwe la kike, *insouciante*. Mwingereza huitamka, na mkazo huuweka kwenye *sou*.

Aliyeyapenda maneno haya kupita wote ni Mfalme Friedrich II wa Prussia, dola ya zamani ya Wajerumani, aliyejenga kasri huko Potsdam kati ya 1745 na 1747 na kuliita Sanssouci, "bila wasiwasi". Aliagiza azikwe hapo, kando ya mbwa wake. Alifariki 1786, warithi wakampeleka kwingine, na wosia wake ukatimizwa 1991.

Wasomaji wa Bukavu na Lubumbashi wanaijua *pas de souci*, yaani "hamna shida". Académie française, taasisi inayosimamia lugha ya Kifaransa, haipendi matumizi hayo, ila watu hawajaacha. Anayeitamka anaweza kuwa na wasiwasi tele moyoni. Hiyo ni adabu ya mazungumzo, wala haimfanyi *insouciant*.