Jibu: Hana donge la damu, sindano za heparini za nini?

Dada, umeuliza kwa nini mdogo wako mwenye sindromu ya nefrotiki (hali ya figo kuvujisha protini nyingi kwenye mkojo) amepewa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, wakati hajapatikana na donge popote. Ni kinga.

Wengi huitaja tu albumini, protini kuu ya damu, inayopotea kwenye ule mkojo wenye povu, lakini haitoki peke yake. Antitrombini, protini ya mwilini inayozuia damu kuganda ovyo, ni ndogo kidogo kuliko albumini, hivyo chujio la figo likiharibika nayo hupita. Ini nalo, likihangaika kufidia, huongeza fibrinojeni, protini ambayo ndiyo hugandisha damu. Hatari huwa kubwa zaidi kwenye nefropathi ya membrani (mojawapo ya magonjwa ya figo yanayoleta sindromu hii), hasa albumini ikishuka chini ya gramu 25 kwa lita.

Cha ajabu, heparini hufanya kazi kupitia antitrombini hiyohiyo. Antitrombini ikipungua sana, dozi ya kawaida ya heparini yaweza isitoshe. Warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, haiitegemei. Muulizeni daktari wake hilo.

Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake na kuuma, mkojo ukiwa na damu pamoja na maumivu ya ubavu, au akikosa pumzi ghafla, huenda ni donge: msingoje kliniki, mkimbizeni hospitali.