Kujitenga, kujitawala au kudai uhuru? Neno linaloamua mdahalo kabla haujaanza

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mlezi wa klabu ya midahalo katika shule ya sekondari hapa Tanga. Wiki iliyopita niliwapa wanafunzi mada hii: "Umoja wa Ulaya uyatambue majimbo yanayojitenga, kama vile Catalonia." Upande wa kutetea ukalalamika kwamba nimewafunga mikono, kwa sababu "yanayojitenga" ni neno la lawama. Walitaka niandike "yanayodai uhuru". Wapinzani nao wakasema "uhuru" linawabeba watetezi. Nilipobadilisha nikaweka "yanayotaka kujitawala", pande zote mbili zikakataa. Lipi ni sahihi? Na tunasema kujitenga na Uhispania, au kujitenga kutoka Uhispania?

JIBU: Marahaba mwalimu. Wanafunzi wako wana masikio makali, na kila upande uliolalamika ulikuwa na haki ya kulalamika.

Nianze na kujitenga, maana ndilo tunalolisikia redioni kila Catalonia, ile sehemu ya Uhispania yenye makao Barcelona, inapotajwa. Mzizi wake, tenga, hauna ubaya wowote: mama hutenga chakula cha aliyechelewa kurudi, mkulima hutenga mbegu kabla familia haijaanza kula mavuno. Ubaya unaingia na ile -ji-. Mtaani, mtu anayejitenga ni yule asiyeonekana msibani, asiyechangia harusi, na siku akifiwa yeye majirani wanaulizana kama waende. (Mwaka 2020 corona ililisafisha neno hili kidogo, aliyejitenga akawa raia mwema. Hali ilipotulia, neno nalo likarudia tabia yake.) Juu ya hayo tuna methali ambayo kila mtoto ameikuta imeandikwa kwenye khanga au ukutani darasani: umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Sasa itazame mada yako. Inaanza na "Umoja" na karibu na mwisho ina "yanayojitenga". Methali yote imo humo, na msikilizaji anaimaliza kichwani kabla mzungumzaji wa kwanza hajasimama. Watetezi wako waliona mbali.

Uhuru nalo si neno jepesi. Kwetu ni neno la tarehe, 9 Desemba 1961, na limo kwenye ngao ya taifa pamoja na mwenzake: Uhuru na Umoja. Kinyume chake cha zamani ni utumwa, na cha karibuni ni ukoloni. Ukiandika "Catalonia yadai uhuru", umemkalisha waziri mkuu wa Uhispania kwenye kiti cha gavana bila hata kumsikiliza. Inawezekana watetezi wako wanaamini hivyo hasa. Basi walithibitishe jukwaani, wasilipewe na mada.

Hapa nikupe mfano wa Scotland, kwa sababu wao walikutana na tatizo lako hili hili kabla ya kura ya maoni ya 2014. Serikali ya Scotland ilipendekeza swali ambalo kwa Kiswahili ningeliweka hivi: "Je, unakubali kwamba Scotland iwe nchi huru?" Tume ya Uchaguzi ya Uingereza ikalipima na mwanzoni mwa 2013 ikashauri "unakubali" liondolewe, kwa kuwa linamvuta mpiga kura kwenye "ndiyo". Likabaki: "Je, Scotland iwe nchi huru?" Tarehe 18 Septemba 2014 asilimia 55 walisema hapana na asilimia 45 wakasema ndiyo. Ona pia kwamba neno "huru" ndilo lililobeba uzito wote, maana kwamba Scotland ni nchi hakuna aliyebisha, hata wale waliotaka ibaki Uingereza.

Kujitawala ni suala jingine. Kosa lake si upendeleo, ni ukungu. Neno hilo moja tunalitumia kwa dola kamili na tunalitumia kwa eneo lenye mamlaka ya ndani. Usiku wa 27 Oktoba 2017 nilikuwa zamu ya uhariri kwenye chumba cha habari, na nikaletewa habari mbili za ukurasa mmoja. Ya kwanza: "Catalonia yatangaza kujitawala". Ya pili: "Madrid yafuta kujitawala kwa Catalonia". Msomaji angedhani kilichotangazwa mchana ndicho kilichofutwa jioni. Sivyo. Bunge la Barcelona lilikuwa limetangaza jamhuri, yaani dola mpya. Madrid, yaani serikali ya Uhispania, kwa kutumia ibara ya 155 ya katiba, ikaiondoa madarakani serikali ya Carles Puigdemont, rais wa Catalonia, yaani ikashika mamlaka ya ndani ambayo Catalonia ilikuwa nayo miaka mingi: bunge lake, serikali yake, hata polisi wake. Mambo mawili, neno moja. Nilifuta vichwa vyote viwili na sikupata vizuri zaidi mpaka mitambo ilikuwa inasubiri.

Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba neno tunalo, tena la nyumbani: madaraka. Tanganyika ilipata serikali ya madaraka Mei 1961, miezi saba kabla ya uhuru. Kenya ilipata yake 1 Juni 1963 na mpaka leo inaiadhimisha Siku ya Madaraka, mbali na ile ya Jamhuri. Waliotutangulia walizitofautisha hatua hizi mbili vizuri kabisa. Sisi ndio tumezichanganya.

Sasa nije kwenye kitenzi ulichoanzia, kutambua, kwa sababu hapo mada yako ina kasoro ambayo wanafunzi hawakuiona. Umoja wa Ulaya wenyewe hautambui nchi. Anayetambua ni kila mwanachama kwa nafasi yake. Kosovo ilitangaza dola yake Februari 2008, na mpaka leo wanachama watano wa Umoja huo (Uhispania, Ugiriki, Kupro, Romania na Slovakia) hawaitambui, ilhali wengine wanaitambua. Hata huku kwetu mambo yalikuwa hivyo hivyo. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliamua Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe, na ukasimama na Nigeria moja. Tanzania kwa nafasi yake ikawa ya kwanza kuitambua Biafra, sehemu iliyokuwa imejitenga na Nigeria, 13 Aprili 1968, na nchi nyingine chache zikafuata. Umoja haukuitambua. (Nasema "Umoja", si "Muungano". Baadhi ya magazeti huandika Muungano wa Ulaya na mimi sigombani nao, ila kwa msomaji wa Tanzania Muungano ni nchi mbili zilizoungana kuwa moja, na Ulaya haijafikia huko.)

Kwa hiyo, kitu ambacho Umoja wa Ulaya unaweza kukiamua ni uanachama. Na hapo Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyolieleza tatizo lote vizuri kuliko taarifa nyingi za Brussels, makao ya Umoja huo: kujitenga na kujitoa. Sehemu hujitenga na nchi. Mwanachama hujitoa kwenye chama. Uingereza ilijitoa Umoja wa Ulaya 31 Januari 2020, haikujitenga na yeyote. Greenland, ambayo iko chini ya Denmark, ilitoka kwenye Jumuiya ya Ulaya mwaka 1985 na ikabaki na Denmark yake: ilijitoa bila kujitenga. Wanaharakati wengi wa Barcelona wanataka kinyume cha hapo, yaani kujitenga bila kujitoa, kama wenzao wa Scotland walivyotaka kabla Uingereza haijajitoa. Wanataka kuachana na Madrid, lakini wabaki na sarafu ya Ulaya, soko lake na pasipoti yake.

Umoja ukajibuje? Tangu 2004, Romano Prodi alipokuwa rais wa Kamisheni, chombo cha utendaji cha Umoja huo, jibu limekuwa kwamba sehemu ikishajitenga na nchi mwanachama, mikataba ya Umoja haiihusu tena, na ikitaka kuingia ipige hodi kama mgeni mwingine. Tarehe 2 Oktoba 2017, siku moja baada ya kura ya maoni ya Catalonia ambayo Mahakama ya Katiba ya Uhispania ilikuwa imeizuia na polisi wakapiga watu vituoni, Kamisheni ikarudia hilo na kuongeza kwamba suala lenyewe ni la ndani la Uhispania.

Suala la ndani. Mwenye kuishi nyumba ya kupanga anaijua kauli hii. Mke na mume wa chumba cha pili wanagombana, vyombo vinaruka, na mpangaji mwenzao anasema haya ni mambo ya ndani, hatuingilii. Ni heshima, sikatai. Lakini mpangaji huyo huyo alikwisha kumwambia mke tangu mapema: siku ukitoka chumbani mwako, na uani pia umetoka. Hapo ameshaingilia. Binafsi naona Umoja haujakosea kusema kwamba hauwezi kumpokea kila anayejitangaza, ila umekosea kujifanya hauna neno katika ugomvi huo huku masharti yake ndiyo yanayoamua nani aondoke na nani abaki. Huo ndio mdahalo ambao wanafunzi wako wangeufaidi.

Kabla sijakupa mada mpya, nikupeleke karibu zaidi na Tanga, maana bila mfano huu utadhani uhuru na kujitenga ni kitu kimoja kinachotazamwa kutoka pande mbili. Mwaka 1997 kisiwa cha Nzwani, au Anjouan kwa Kifaransa, kilijitangaza kuwa nje ya Komoro. Kilichotakiwa na wengi wa waliopeperusha bendera mitaani hakikuwa uhuru hata kidogo: bendera zilikuwa za Ufaransa, na ombi lilikuwa kurudishwa kwa mkoloni wa zamani. Ufaransa ikakataa. Ukiandika "Nzwani yadai uhuru" hujasema ukweli wote. "Yajitenga" ndilo neno lenye ukweli, pamoja na lawama zake zote. Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukusema ni suala la ndani. Ulisuluhisha kwa miaka, ukaweka vikwazo, na mwaka 2001 ikapatikana katiba mpya iliyokipa kila kisiwa rais wake. Nchi nayo ikabadili jina kutoka Jamhuri ya Kiislamu ya Shirikisho ikawa Umoja wa Komoro, Udzima wa Komori kwa lugha yao. (Mswahili akisikia udzima anasikia uzima, na sidhani kama amepotea sana.) Mambo hayakuishia hapo. Machi 2008 askari wa Umoja wa Afrika, wa Tanzania wakiwemo, waliteremka Nzwani pamoja na jeshi la Komoro kumwondoa Kanali Mohamed Bacar, aliyekuwa ameng'ang'ania urais wa kisiwa hicho.

Mada yako basi ningeiandika hivi: "Eneo la nchi mwanachama likipiga kura ya kuwa dola kamili, libaki ndani ya Umoja wa Ulaya." Nimeweka eneo badala ya jimbo, kwa kuwa Wakatalani wengi hujiita taifa na wengine wao jimbo huwakera, na kwa Mkenya majimbo ni siasa nyingine kabisa. Nimeweka kuwa dola kamili, ambayo haina methali nyuma yake wala sherehe ya kitaifa. Ni baridi kidogo, najua. Mada ya mdahalo iwe baridi, joto walilete wazungumzaji. Wakishapanda jukwaani, mtetezi aseme uhuru na mpinzani aseme kujitenga, na kila mmoja umdai sababu ya neno lake.

Limebaki la na na kutoka. Sema kujitenga na Uhispania. Kutoka ni ya safari, basi la kutoka Tanga kwenda Arusha. Vitenzi vyetu vya kuachana vinapenda na: kuachana na, kutengana na, kuepukana na, kutofautiana na. "Kujitenga kutoka Uhispania" ni sentensi iliyovaa nguo za Kiswahili juu ya mwili wa Kiingereza. Tatizo ni kwamba vitenzi vya kukutana navyo vinaitaka na hiyo hiyo: kuungana na, kushirikiana na, kupatana na. Kwa hiyo redio ikikwaruza ukanasa "…na Uhispania" tu, hujui wamepatana au wameachana. Subiri taarifa ya saa mbili usiku.