Skrubu Ndefu Haiongezi Uimara: Neno kwa Wanaofunga Jipsamu

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, nimechukua skrubu za milimita 50 kwa ukuta wangu wa jipsamu ili nisiwe na wasiwasi. Nimefanya sawa?" Hapana, ndugu yangu. Na swali lako limenigusa panaponiuma.

Kuna jengo nililofanyia kazi ambako msimamizi alituamuru tutumie hizohizo ndefu, tena kwenye fremu ya mbao mbichi. Nilimweleza kwamba bodi ya jipsamu yenye unene wa milimita 12.5 ikifungwa kwenye mbao inataka skrubu ya milimita 32, na kwamba mbao ile isubiriwe ikauke. Akanijibu mbele ya vijana wangu kwamba najifanya mjuaji. Tukafunga. Rangi ikapakwa, mwenye nyumba akahamia, na miezi ilipopita vichwa vya skrubu vikaanza kuchomoza hadi ukuta ukaota vipele. Aliyeitwa kujieleza ni mimi, wala yule bwana hakufungua mdomo.

Sababu yake iko wazi. Mbao ikikauka husinyaa. Ncha ya skrubu imeshika kule ndani, lakini uso wa mbao unarudi nyuma na kuacha pengo nyuma ya bodi. Mtu akiegemea ukuta, bodi inasogea na kichwa kinatokeza. Skrubu ikizama zaidi, pengo nalo linakua. Kwenye mbao, milimita 16 hivi za kuzama zinatosha.

Kwa hiyo anza kutazama kilicho nyuma ya bodi. Mbao inataka skrubu yenye hesi pana, yaani mizunguko yake ya kushikia iwe imeachana. Chaneli ya chuma chembamba inataka hesi za karibukaribu, na kwa bodi ya milimita 12.5 skrubu ya milimita 25 inatosha. Hesi pana humo huzunguka tu bila kushika. Chuma kikiwa kinene, tafuta yenye ncha ya kujitobolea. Bodi ya milimita 15.9 kwenye mbao, chukua ya milimita 41. Narudia: tazama kilicho nyuma kwanza, ndipo uende dukani.

Dari nilizofunga kwa uamuzi wangu mwenyewe zimetulia, na najivunia hilo. Siri nyingine ni karatasi ya bodi. Kichwa kizame kidogo tu chini ya uso bila kuipasua, kwa maana karatasi ndiyo inayoshika. Ndani ni unga uliogandishwa. Ikipasuka, piga skrubu nyingine kando. Vijana wanaokimbiza drili ili wamalize mapema wanamwibia mwenye nyumba, nalisema bila kupepesa macho.

Tena usizitumie skrubu hizi nyeusi za jipsamu kutundikia makabati ya jikoni. Chuma chake kimekazwa hadi kikawa kikavu, hukatika ghafla badala ya kupinda. Kwa makabati nunua skrubu za makabati, na uzifunge kwenye fremu yenyewe.