Bakteria hizi au bakteria hawa?

Swali: Ninahariri ripoti ya maabara. Ukurasa mmoja una "bakteria hizi zinasababisha", mwingine "bakteria hawa wanasababisha", na kuna "data hii zilikusanywa". Maneno haya kwa Kilatini ni ya wingi. Nifuate upatanisho upi?

Jibu: Wingi wa Kilatini uweke kando. Neno likishaingia katika Kiswahili hufuata ngeli zetu.

Bakteria ni kiumbe hai, kwa hiyo ni A-WA: bakteria huyu ana ukuta wa seli, bakteria hawa wanazaliana. Umbo halibadiliki, ukikuta "mabakteria", futa. Kitenzi kikuu wengi hukipatia. Kosa hujificha kwenye kirejeshi na kiambishi cha mtendwa: "bakteria ambazo wanasababisha", "dawa inaziua bakteria". Andika "ambao" na "inawaua".

Halafu angalia neno kuu la kirai, maana ndilo linaloongoza kitenzi. "Idadi ya bakteria waliongezeka" ni kosa, idadi iliongezeka. Vivyo hivyo, koloni 45 za bakteria zilihesabiwa. Na "bakteria 3 walibainika" ina utata hata kama sarufi yake ni safi: ni seli 3 au spishi 3? Kama ni spishi, andika "aina 3 za bakteria zilibainika".

Virusi ina kisa chake. Silabi ya kwanza ilisikika kama kiambishi cha wingi, tukapata kirusi kimoja, virusi viwili. Wapo wanaoandika "virusi wanaenea" kwa hoja ya uhai, lakini matumizi yamekwishaamua: virusi vya UKIMWI, virusi vinaenea. VVU navyo vifuate vi-.

Data iko I-ZI. "Data ilikusanywa" na "data zilikusanywa" zote zinakubalika. Kisichokubalika ni kuzichanganya. Mimi ningechagua zi- kwa ripoti yenye vipimo vingi: data za wagonjwa zilichambuliwa. Kivumishi kama "mpya" hakitakusaidia kugundua kosa, kwa sababu hakibadiliki. Kagua kionyeshi, a-unganifu (ya au za) na kitenzi, kila mahali neno linapotokea.

Jina la kisayansi likikutatiza, litangulize kwa nomino ya Kiswahili: "vimelea vya Plasmodium falciparum vilionekana kwenye damu". Kitenzi kitafuata vimelea.