Ukitaka kuandika ripoti ya uendelevu, miti iache kwanza

Juzi kijana mmoja wa Masasi kaniandikia: "Shikamoo dada. Nimemaliza uhasibu, nipo tu nyumbani. Nasikia wewe ndiye unayeandika zile ripoti za uendelevu na utawala wanazotaka wanunuzi wa nje. Naomba unielekeze nianzie wapi. Na je, wanalipa?"

Marahaba, mdogo wangu. Wanalipa. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wewe si wa kwanza. Msimu wa korosho ukikaribia, ujumbe wa namna hii naupata kutoka Newala, Nachingwea, Ruangwa, na wote mnataka kile kile nilichokitaka mimi: kazi ya kalamu yenye hela ya kueleweka, bila kwenda kupanga chumba Dar es Salaam na kugombania daladala.

Mwalimu wangu wa kazi hii ni shirika la treni za abiria la Marekani, Amtrak. Cheka tu, wengi hucheka. Sisi wa Mtwara na Lindi treni tunaiona kwenye taarifa ya habari. SGR ya Dar es Salaam, Morogoro hadi Dodoma ilianza kubeba abiria mwaka 2024, tukapiga makofi. Reli ya kutoka Mtwara kwenda Mbamba Bay tunaisikia miaka nenda rudi. Mtu wa Nanyamba akitaka kwenda Dar bado anaamka alfajiri kuwahi basi. Lakini ripoti za Amtrak ziko mtandaoni bure, na mimi wakati ule hela ya kununua kozi sikuwa nayo.

Nilikuwa mhasibu wa kiwanda kidogo cha kubangua korosho hapa Mtwara. Mnunuzi wetu wa Ulaya akaleta barua: mkataba mpya hausainiwi bila ripoti ya uendelevu na utawala, yaani maelezo ya jinsi kiwanda kinavyogusa mazingira na watu, na nani anakisimamia. Bosi, mtu mzima wa Mikindani aliyekijenga kiwanda kile kwa jasho lake, akaniita ofisini. "Binti yangu, hawa wanataka nini tena? TRA tunalipa, vyeti tunavyo ukutani, wanataka nini?" Nikamwambia, baba, niachie mimi.

Nikaanza kupakua ripoti za watu. Nyingi zilikuwa ndugu wa tumbo moja: ukurasa wa kwanza mkurugenzi mkuu anatabasamu, wa pili watoto wa shule wanapanda miti, wa tatu maduara ya rangi yenye asilimia. Ukimaliza kusoma hujui ni nani anayeweza kumfukuza kazi huyo anayetabasamu.

Amtrak nao wana picha zao, tusidanganyane. Ila shirika lile, ambalo jina lake la kisheria ni National Railroad Passenger Corporation, limezungukwa na watu wenye haki ya kuuliza. Liliundwa kwa sheria ya mwaka 1970 na treni zake zikaanza safari tarehe 1 Mei 1971, baada ya kampuni binafsi za reli kuchoka kubeba abiria kwa hasara. Linaendeshwa kama kampuni, lakini hela ya kulishikilia inatoka kwenye Bunge lao. Wajumbe wengi wa bodi huteuliwa na Rais, kisha Seneti huwathibitisha. Ndani yake kuna ofisi ya Inspekta Mkuu inayojitegemea, inayochunguza menejimenti na kutoa matokeo hadharani hata yakiwa ya aibu. Sheria ya miundombinu ya Novemba 2021 ililitengea dola bilioni 22 moja kwa moja. Ukibeba fedha ya umma kiasi hicho, huwezi kuwajibu watu kwa picha za miche.

Nikasoma hadi usiku wa manane, simu ikiwa kwenye chaja, na ndipo kazi iliponikaa. Kitu cha kwanza kuandika ni nani anaweza kumuuliza nani, na asipojibiwa inakuwaje. Mambo mengine yote yanasimama juu ya hapo. Na wala si jambo la Kizungu. Kila Aprili ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikifika Bungeni, vijiwe vyote vinajua ni shirika gani limepata hati yenye mashaka. Mkulima wa Tandahimba anaposimama kwenye mkutano mkuu wa AMCOS yake, chama chao cha ushirika cha wakulima, na kudai aelezwe makato ya kila kilo yamekwenda wapi, hiyo ni sura ya utawala tayari, imekosa mwandishi tu. Baadaye viwango vya kimataifa vya kuandika ripoti hizi, IFRS S1 na S2, vilipotoka Juni 2023 nikavifungua haraka haraka kuona vimepangwaje. Nguzo nne: utawala, mkakati, usimamizi wa hatari, vipimo na malengo. Utawala wa kwanza. Nilicheka peke yangu ofisini.

Basi nikaandika sura ya utawala ya kiwanda chetu. Nani anamiliki. Nani yumo kwenye bodi. Nani anasaini hundi. Mama aliyeko kwenye meza ya kubangulia akionewa na msimamizi, analalamika kwa nani, na huyo anayepokea malalamiko analipwa na nani. Ilipofika orodha ya bodi, bosi akakunja uso, maana wanawe wawili walikuwemo. "Hilo la nini kuandika? Watu wa nje wataona hiki ni kibanda cha familia." Nikamwambia, baba, watalijua hata tusipoandika, na siku wakilijua wenyewe watajiuliza tumewaficha na mangapi mengine. Tulibishana hadi adhana ya magharibi. Akakubali shingo upande.

Mnunuzi alijibu kwa swali moja tu la maana: je, mko tayari kuongeza mjumbe mmoja wa nje kwenye bodi? Tukaongeza, mwalimu mstaafu. Mkataba ukasainiwa. Nalisema hili kwa kujivuna na sioni aibu, kwa sababu niliambiwa mtu wa huku hawezi.

Aliyeniambia alikuwa mtu wa kampuni moja ya ushauri ya Dar. Bosi alikuwa ameingiwa na hofu, akawaita waje "kuiweka sawa" rasimu yangu. Wakafika kwa ndege asubuhi, wakala kamba na samaki, wakaondoka na faili langu. Rasimu iliporudi, jina langu halikuwamo popote. Hilo ningelimeza. Lakini walikuwa wameandika kwamba kiwanda kinatumia umeme wa maji kutoka gridi ya Taifa. Jamani! Wakati ule Mtwara haikuwa hata kwenye gridi ya Taifa. Umeme wetu ulikuwa wa mitambo ya gesi, gesi ya Mnazi Bay hii hii ambayo kila mtoto wa Msimbati anaijua. Nilipowapigia simu kuwaeleza, yule bwana akaniambia kwa upole unaouma, "Dada, wewe endelea na vitabu vya hesabu, haya yana wataalamu wake." Imepita miaka na bado nikiona namba ngeni ya Dar moyo unanidunda.

Ni Amtrak walionifundisha kuliona kosa lile. Treni zao kati ya Washington na Boston zinatumia umeme; sehemu kubwa ya nchi iliyobaki, vichwa vya treni vinachoma dizeli. Kwa hiyo hesabu yao ya gesijoto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto, lazima itenganishwe. Dizeli wanayoichoma wenyewe ni wigo wa kwanza, umeme wanaoununua ni wigo wa pili, na yanayotokea kwa wengine kwa sababu yao, kama viwandani kwa wauzaji wao, ni wigo wa tatu. Kiwandani kwetu jenereta ni wigo wa kwanza, umeme wa TANESCO ni wa pili, malori ya kwenda bandarini na salfa inayopulizwa mashambani ni wa tatu. Ukikosea umeme unatoka wapi, wigo wa pili wote ni uongo. Rahisi hivyo. Nikarekebisha, nikaambatanisha bili, nikamkabidhi bosi mkononi.

Amtrak wamejiwekea lengo la kufikia utoaji sifuri wa gesijoto, baada ya kufidia unaobaki, ifikapo mwaka 2045. Lengo zuri, lakini wewe usiige lengo, iga namna wanavyolazimika kupimwa. Chagua mwaka wa msingi, yaani ule utakaolinganisha nao miaka mingine yote, uandike, na usiubadilishe kwa sababu msimu umekuwa mbaya. Anayebadilisha mwaka wa msingi kila ripoti hana tofauti na anayenunua korosho kwa kangomba, ule ununuzi wa nje ya mfumo rasmi: chombo cha kupimia ni chake, na kimejaa lini anajua yeye. Ukilazimika kubadilisha, sema umebadilisha na useme kwa nini.

Tena andika na yale usiyoyamiliki. Nje ya ukanda ule wa Washington hadi Boston, reli nyingi wanazopitia Amtrak ni mali ya kampuni za treni za mizigo. Sheria inasema treni ya abiria ipewe kipaumbele, lakini malalamiko ya kusimamishwa kupisha mizigo hayajaisha. Walichofanya ni kutoa hadharani kadi ya matokeo, kama ya shuleni, inayozipa kampuni zile alama kulingana na zinavyowachelewesha. Na mimi nikaweka ukurasa wa kuchelewa kwetu: kontena zilikaa wapi, mzigo ulisubiri nini. Bila matusi, tarehe tu. Mnunuzi aliupenda ukurasa ule kuliko yote, maana ndio uliomweleza kwa nini mzigo wake huchelewa kila mwaka.

Kuhusu hatari za tabianchi nitasema kidogo, kwa sababu hapa ndipo vijana mnapojaza kurasa za kunakili. Kimbunga Sandy kilipoipiga New York Oktoba 2012, maji ya bahari yaliingia kwenye mahandaki ya Amtrak chini ya mto Hudson, mahandaki yaliyofunguliwa mwaka 1910, na chumvi iliyobaki imeendelea kula zege na nyaya. Ripoti inayotaja handaki fulani na chumvi fulani inasomeka. Sisi Mei 2024 tulipata Kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika kule Kilwa, magari yakalala njiani na vitu vikapanda bei madukani. Sasa kijana wa Lindi anaandika "mabadiliko ya tabianchi yanaweza kuathiri mnyororo wa thamani". Mnyororo gani? Andika daraja limesombwa wapi, mzigo ulilala siku ngapi, na mwakani mtapita njia ipi.

Kuna watakaosema dada huyu anatuletea ya Marekani. Haya, ya kwetu ni haya. Nachingwea ilikuwa na reli. Waingereza waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga, na bandari yetu ya kina kirefu Mtwara ni mtoto wa mradi huo huo. Karanga hazikukubali, mradi ukafutwa mwaka 1951 ukiwa umemeza mamilioni ya pauni, na reli ikafungwa mwaka 1962, vyuma vikang'olewa. Kinachonihusu mimi mhasibu ni kwamba dalili zilikuwa kwenye karatasi mapema: kwenye hesabu zilizoishia Machi 1949, wakaguzi hawakukubali kuandika kwamba vitabu vya huku Afrika Mashariki vilitunzwa ipasavyo. Wakubwa walisoma, wakabishana Bungeni London, na matrekta yakaendelea kunguruma Nachingwea. Mzee mmoja wa huko alinionyesha tuta la reli lililobaki, lina nyasi. Nikamuuliza kama wakazi waliwahi kuambiwa hesabu zimekaaje. Akanitazama kama nimeuliza swali la kitoto.

Kwa hiyo, mdogo wangu, anza na utawala. Narudia: anza na utawala. Tafuta AMCOS yako hapo Masasi, omba ripoti ya ukaguzi ya COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, na muhtasari wa mkutano mkuu, kisha andika kurasa mbili za nani anamuuliza nani. Ukipata mwenyekiti anayekataa kukuonyesha muhtasari, andika kwamba amekataa, na tarehe. Soma ripoti za mashirika yenye kubanwa na umma, achana na za kampuni zinazojisifu. Vijana mnapenda kulalamika hakuna kazi huku kusini wakati wanunuzi wanatafuta mtu anayeweza kutofautisha jenereta na TANESCO. Amkeni. Na muache kuandika "tunajali jamii". Kila mtu anajali jamii mpaka aulizwe choo cha wafanyakazi kiko wapi.

Sasa malipo. Usikubali kulipwa asilimia ya mkataba wa mnunuzi, utajikuta unaandika kinachosaini mkataba. Dai bei ya kazi, nusu kabla ya kuanza, nusu ukikabidhi, na usafiri wa kwenda vijijini uwe juu yao. Andika kwenye makubaliano kwamba jina lako litakaa ukurasa wa ndani, na kwamba takwimu zikibadilishwa bila wewe kuambiwa, jina litolewe. Wale wa Dar walinipigia mwaka huu wakitaka niwaandikie sura ya korosho kwa mteja wao. Niliwatumia kifungu hicho kabla ya salamu. Bado wanakisoma.